Muhuri na Chombo

Kwa miaka kumi na moja kikombe kidogo cha fedha kilikaa juu ya meza yangu ya ofisini. Kimo chake hakizidi urefu wa kidole cha kati, na uzito wake ni gramu 62. Warusi hukiita charka, nacho ni cha kunywea pombe kali kwa funda moja. Mimi nisiyekunywa pombe nilikitumia kuwekea pini. Wanachuo walioingia ofisini walikuwa wakikiulizia, nami sikuchoka kukipindua na kuwaonyesha alama zilizopigwa kitakoni: tai mwenye vichwa viwili, jina la Fabergé kwa herufi za Kirusi, uso wa mwanamke, na tarakimu 84. "Hiki," nilikuwa nikiwaambia, "kimetoka katika karakana ya sonara wa wafalme wa Urusi." Waliamini, kwa kuwa aliyesema ni Mkuu wa Chuo.

Nilikuwa nimekosea. Katika kurasa hizi nataka kueleza nilivyokosea, na pia kuupinga mtindo mmoja wa kusoma fedha ya kale, ambao ulinipoteza mimi na ambao kwa maoni yangu unaendelea kuwapoteza watu wenye elimu kunishinda. Ni mtindo wa kuanzia kwenye muhuri na kuishia hapo hapo.

Nianze na kijiko, maana kijiko ndicho kilichokitangulia kikombe. Kuanzia 1974 hadi 1979 nilikuwa masomoni Leningrad, nikisomea ualimu. Mwalimu wetu wa lugha ya Kirusi alikuwa mama wa makamo, ambaye alikuwa msichana mdogo wakati mji ule ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944. Tulimwita kwa jina lake na la baba yake, kama ilivyo adabu ya Warusi kwa mtu mkubwa. Jumapili moja alitukaribisha chai nyumbani kwake, akatoa kabatini kijiko kimoja cha fedha. Alisema vilikuwa kumi na viwili. Kumi na kimoja vilikwenda kubadilishwa kwa mkate katika majira yale ya njaa.

Alinionyesha alama mgongoni mwa mpini, akanifundisha kuzisoma. Kisha akakigeuza kijiko na kunionyesha ncha yake. Ilikuwa imelika upande mmoja, kama kisu cha mpishi kilichonolewa miaka mingi. "Bibi yangu alikuwa akikoroga kwa mkono wa kulia," alisema. "Alama ilipigwa siku moja tu. Huku kulika kulichukua maisha yake yote."

Lilikuwa somo kamili, lenye sehemu mbili. Mimi niliandika sehemu ya kwanza katika daftari langu, ya pili nikaiacha ipite kama maneno ya kumkumbuka bibi.

Sehemu ya kwanza ni hii, nami naieleza kwa kuwa bila hiyo msomaji hataweza kunifuata. Mwaka 1700 Mfalme Petro Mkuu aliamuru vyombo vya dhahabu na fedha vipimwe na kupigwa muhuri wa serikali. Ratili ya Kirusi iligawanywa katika zolotniki 96, kwa hiyo fedha isiyochanganywa na kitu ilihesabiwa kuwa ya 96. Chombo chenye 84 maana yake ni kwamba katika kila mafungu 96 ya madini yake, 84 ni fedha, na yaliyobaki ni madini mengine, hasa shaba. Ziko pia 88 na 91, lakini 84 ndiyo iliyoenea. Ukigawanya 84 kwa 96 utapata 0.875 kamili. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, tutairudia.

Katika karne ya 19 chombo kilibeba kwa kawaida nembo ya mji, herufi za mpimaji wa serikali pamoja na mwaka, kipimo cha fedha, na alama ya fundi. Nembo ya Moscow ilikuwa Mtakatifu George akimuua joka, ya St. Petersburg ilikuwa nanga mbili zilizopishana na fimbo ya kifalme. Tangu 1899 mpango ulibadilika. Ukaja uso wa mwanamke unaoonekana kwa ubavu, amevaa kokoshniki, yaani kile kilemba kirefu cha wanawake wa Kirusi wa zamani. Hadi 1908 mwanamke huyo alitazama kushoto, na pembeni yake zilikaa herufi za jina la mkaguzi wa wilaya. Kwa Moscow alikuwa Ivan Lebedkin, na kwa St. Petersburg, katika miaka ya mwanzo, Yakov Lyapunov. Kuanzia 1908 mwanamke aligeuzwa atazame kulia, na badala ya herufi za mkaguzi ikawekwa herufi ya Kiyunani: alfa kwa St. Petersburg, delta kwa Moscow. Mwaka 1927 Wasovieti walileta kichwa cha mfanyakazi mwenye nyundo, na kipimo kikahesabiwa kwa elfu: 875, 916 na kadhalika.

Mwaka 1994 nilipata nafasi ya kurudi Urusi, safari hii Moscow, kwa mkutano wa walimu wa siku sita. Nchi ilikuwa imebadilika. Wazee waliosimama njiani waliuza saa zao, medali zao, vitabu vyao. Katika soko moja la vitu vya kale mzee mmoja mwenye sauti ya upole alinitolea kikombe hiki kutoka katika soksi ya sufu. Nilipokipindua, moyo ulinidunda. Nilimlipa dola 60, ambazo zilikuwa posho yangu ya siku nne, nikala mkate na chai hadi siku ya kuondoka. Sikumwuliza swali hata moja. Mtu anayejua kusoma kidogo ana hatari kuliko asiyejua kabisa: asiyejua huuliza.

Ukweli ulikuja 2005, pale mwenzangu mmoja wa siku za Leningrad aliponiletea nakala ya kurasa chache za kitabu kikubwa cha Postnikova-Loseva na wenzake wawili, kilichochapishwa Moscow mwaka 1983, juu ya kazi za dhahabu na fedha za Urusi tangu karne ya 15. Nilizisoma usiku nikiwa na kikombe mkononi na kioo cha kukuzia. Mwanamke wa kikombe changu anatazama kulia. Pembeni yake zipo herufi mbili za Kirusi, I na L, za Ivan Lebedkin. Uso ni wa mpango wa baada ya 1908, na herufi ni za mpango ulioishia 1908. Aliyechonga muhuri ule alikuwa amechukua kipande huku na kipande kule, kama mwanafunzi aliyenakili insha kutoka kwa majirani wawili bila kujua kwamba majibu yao yanapingana.

Kosa hilo lilikuwa mbele ya macho yangu kwa miaka kumi na moja. Sikuliona kwa sababu sikuwa nikitazama, nilikuwa nikionyesha.

Asubuhi nilikipeleka kwa sonara mmoja mkongwe. Alikisugua kwenye jiwe lake la kupimia, akadondosha tindikali, akatazama rangi. "Mwalimu," alisema, "fedha ni fedha. Ni karibu 875. Hilo jina hapa chini mimi silijui." Nikamshukuru, nikatoka nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Hapo ndipo ile hesabu niliyomwomba msomaji aishike inapofanya kazi. Kwa kuwa 84 ya kifalme na 875 ya Kisovieti ni kipimo kile kile, mtu aweza kuyeyusha vijiko vya Kisovieti, akafanya kikombe, akakipiga 84, na kila sonara duniani akathibitisha kwamba kipimo ni sahihi. Methali ya kwamba si kila king'aacho ni dhahabu haikunisaidia kitu hapa. Kikombe changu kinang'aa, na kweli ni fedha. Uongo wake hauko katika madini. Uko katika maneno.

Sasa niseme ninachokipinga. Kitabu kama kile cha 1983 ni kazi kubwa ya kitaalamu, na bila hicho ningebaki gizani. Lakini orodha ya alama humfaa mwenye kununua na mwenye kughushi kwa kiasi kile kile. Siku orodha inapochapishwa, mughushi naye huinunua, na chapa zake zinazofuata huwa bora zaidi. Kosa kama la kikombe changu ni la mughushi mvivu. Mughushi mwenye bidii hatalifanya, na mnunuzi ambaye silaha yake ni orodha peke yake atasimama mbele ya kazi ya huyo bwana akiwa mikono mitupu.

Baya zaidi, muhuri unaweza kuwa wa kweli na chombo kikawa cha uongo. Kuna mafundi wanaokata kipande chenye muhuri kutoka katika kijiko cha bei ndogo na kukiunga kitakoni mwa birika jipya. Kuna wanaochukua kijiko halali cha zamani, kisicho na pambo, na kukijaza enameli ya rangi ili kipande bei. Na kuna njia rahisi kuliko zote: unachukua chombo cha kweli, cha 84, kazi ya fundi wa kawaida asiye na umaarufu, unaacha mihuri yake ya serikali kama ilivyo, na kuongeza jina moja tu, la Fabergé. Hapo kila alama ni ya kweli isipokuwa ile inayoleta fedha. Vyombo vya namna hii vimekuwa vingi hata biashara imevipachika jina la utani, Fauxbergé, kutokana na neno la Kifaransa la uongo.

Afanye nini basi mtu wa kawaida? Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Aanze na kuundwa kwake. Avute pumzi akipulizie chombo: unyevu wa pumzi mara nyingi huonyesha mstari wa kuungwa ambao jicho kavu halioni. Atazame kama muhuri umepigwa kwa nyundo au umetoka katika kalibu. Uliopigwa una kingo kali, na mara nyingi upande wa pili wa bati hubaki alama ya pigo. Uliotoka katika kalibu una kingo laini na vitundu vidogo kama vya uji uliochemka. Kama chombo kina kifuniko au sehemu nyingine inayotoka, aitafute alama huko pia, na aone kama zinapatana. Atazame mahali ambapo mkono hushika, mdomo hugusa na meza husugua. Chombo kilichotumika huchakaa pale kilipotumika, na muhuri huchakaa pamoja na ngozi inayouzunguka. Kitako cha kikombe changu ni bapa na kimejaa mikwaruzo. Kwa kioo cha kukuzia niliona kwamba mikwaruzo ile inafika kwenye muhuri na kukatwa. Ndani ya muhuri hakuna hata mmoja. Maana yake mikwaruzo ilitangulia, na muhuri ulikuja nyuma yake.

Ndipo baadaye azisome alama, na azisome kama mtu anayesoma barua, akiuliza kama mwandishi angeweza kuyaandika maneno haya siku hiyo. Michael Perchin, fundi mkuu katika karakana ya Fabergé ya St. Petersburg, alifariki 1903. Chombo chenye herufi zake pamoja na mwanamke anayetazama kulia kimepigwa chapa na marehemu. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1917 na 1918, jina la Kirusi lililoishia na konsonanti liliongezwa mwishoni ishara ngumu, herufi inayofanana na b ndogo yenye kikofia. Majina ya Ovchinnikov na Sazikov katika vyombo vya wakati wao yanayo. Mughushi aliyesoma shule za Kisovieti aliweza kuisahau. Lakini hapa pia kanuni iliyokaririwa bila kueleweka humponza mtu: nimekutana na msomi aliyekataa vyombo vya Fabergé kwa kukosa ishara hiyo, ilhali jina Fabergé kwa Kirusi huishia na irabu na halikuwahi kuihitaji.

Mtu atasema haya ni mambo ya wanunuzi wadogo kama mimi wanaonunua kutoka katika soksi. Sivyo. Mnamo Novemba 2020 jumba la makumbusho la Hermitage, St. Petersburg, lilifungua maonyesho ya Fabergé. Januari 2021 Andre Ruzhnikov, mfanyabiashara wa sanaa ya Kirusi, alimwandikia mkurugenzi wa jumba hilo, Mikhail Piotrovsky, barua ya wazi akidai kwamba baadhi ya vitu vilivyowekwa pale ni vya kughushi. Miongoni mwa vilivyobishaniwa ni yai lililoelezwa kuwa la mwaka 1904, wakati watafiti wa Fabergé hushikilia kwamba 1904 na 1905 mayai ya Pasaka ya mfalme hayakutolewa kwa sababu ya vita na Japani. Piotrovsky alieleza kwamba uhalisi wa kitu kipya kinachojitokeza sokoni waweza kubishaniwa daima, na kwamba si rahisi wataalamu kukubaliana.

Sikukishika hata kimoja cha vitu vile, kwa hiyo siwezi kuamua nani mkweli. Lakini mhakiki anaweza kulihakiki jibu. Kwamba wataalamu hawakubaliani ni kweli, na kweli hiyo ilistahili kuandikwa kwenye kibao kando ya chombo, mbele ya macho ya mtazamaji. Jumba kama lile ni muhuri lenyewe. Kitu kikishawekwa ndani ya kabati lake la kioo, mgeni hapindui tena kitako. Jina la nyumba limemtosha. Mwenye muhuri mkubwa namna hiyo ana wajibu wa kusema panapo shaka kwamba pana shaka. Nasema hivi bila ukali, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa jumba la namna hiyo, dogo, lenye meza moja na kikombe kimoja.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nimelinyamazia kwa muda mrefu. Mwaka 1998 kijana mmoja alifika ofisini kwangu kujiandikisha chuoni. Alikuwa ametoka mbali, viatu vyake vina vumbi jekundu. Hati yake ya matokeo ilikuwa na muhuri uliofifia, nusu ya duara haisomeki. Nilimtazama, nikautazama muhuri, nikamwambia sitaweza kumpokea hadi shule yake ithibitishe kwa maandishi. Aliniambia, "Mkuu, niulize chochote cha kidato cha nne nikujibu." Sikumwuliza. Jibu la shule lilikuja baada ya miezi miwili: hati ni halali, muhuri wa mpira ulikuwa umechakaa na hapakuwa na fungu la kununua mwingine. Nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa. Nilimwandikia aje mwaka unaofuata. Hakuja.

Siku ile, kati yangu na kijana yule, kikombe kilikuwa juu ya meza. Muhuri wake ulikuwa mkali, safi, unasomeka kila herufi, na ulikuwa wa uongo. Muhuri wa kijana ulikuwa umefifia kwa kutumika, kama ncha ya kile kijiko, na ulikuwa wa kweli. Niliamini ule uliosomeka. Ningemwuliza maswali matatu ya hesabu ningemjua kwa dakika kumi, lakini kufanya hivyo ni kusoma chombo, nami nilikuwa mtu wa kusoma mihuri.

Kwa hiyo ninaposema muhuri usisomwe peke yake, sisemi usisomwe. Nimewaona pia wale waliokwisha kuumwa mara moja, ambao sasa hucheka kila chapa na kusema vyote ni feki. Huo nao ni uvivu, umegeuzwa upande wa pili tu. Wapimaji wa serikali ya kifalme walifanya kazi yao kwa uangalifu, na maelfu ya vijiko na vikombe vinabeba ushahidi wao hadi leo. Muhuri ni shahidi. Lakini hakuna hakimu anayemsikiliza shahidi mmoja akafunga faili.

Kikombe bado ninacho. Mwaka jana mjukuu wangu wa kike, aliyesikia habari zake kwa mama yake, aliniuliza, "Babu, kumbe hiki kikombe ni feki?" Nilimwambia kikombe si feki, ni fedha safi ya kutosha, na aliyekifua alikuwa fundi mwenye mkono mzuri, tazama ukingo ulivyo sawa. Jina ndilo feki. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi maskini fundi, jina lake limepotea."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Nimekata kipande cha karatasi na kukiweka ndani ya kikombe, nimeandika kwa wino mweusi: Fedha, karibu 875. Si kazi ya Fabergé. Kilinunuliwa Moscow mwaka 1994. Fundi hajulikani. Na kwa wale wote waliopita ofisini kwangu kati ya 1994 na 2005 nikawageuzia kitako cha kikombe hiki kwa majivuno, naomba kurasa hizi ziwafikie.